Anwani ya wafanyakazi wote: aliases ya Postfix au Mailman?

Unataka anwani moja ya barua pepe inayowafikia wafanyakazi wote. Postfix ni programu ya seva ya barua pepe, na aliases ni faili linaloiambia barua ya jina fulani iende kwa nani; Mailman ni programu ya kuendesha orodha za barua pepe. Kwa leseni hakuna ubishi, zote mbili ni bure. Tofauti inaanza kwenye kazi.

Aliases ni mstari mmoja ndani ya /etc/aliases: andika "wote:", panga majina ukiyatenganisha kwa mkato (,), endesha amri ya newaliases ili Postfix isome mabadiliko, basi. Majina yakiwa mengi, tumia agizo la :include: na uyaweke kwenye faili la pembeni. Akiajiriwa mtu, unaongeza jina humo tu, hata newaliases huihitaji. Hakuna hifadhidata wala huduma ya ziada ya kuzimika usiku wa manane.

Shida ni ulinzi. Aliases haiulizi nani anatuma. Mtu wa nje akiijua anwani, taka zake zinamfikia kila mtu kuanzia mkurugenzi. Postfix inaweza kumzuia kwa kanuni za smtpd_restriction_classes, ila mipangilio hiyo si ya kumwachia anayejifunza. Na barua za nje zikisukumwa hadi Gmail za watumishi, ukaguzi wa SPF (unaoangalia kama seva inayoleta barua imeruhusiwa na kikoa cha mtumaji) huzikataa kirahisi.

Hapo Mailman inashinda waziwazi. Barua ya asiye mwanachama inasubiri msimamizi, na kumbukumbu zinatunzwa. Bei yake ni matunzo: Mailman 3 inadai Python (lugha ya programu iliyoandikiwa), hifadhidata, seva ya wavuti na masasisho ya mara kwa mara.

Kwa ofisi ya watu 15 wenye barua zao kwenye seva hiyohiyo ya Postfix, mimi ningebaki na aliases. Mwenye matawi kadhaa na fundi wa kudumu aiangalie Mailman, ila azuie wafanyakazi kujitoa wenyewe, la sivyo tangazo la likizo litawapita.