Kubadilisha injini ya Toyota Starlet EP91: uweke 4E-FTE ama 1NZ?

Kama 4E-FE, injini yake ya kawaida, imechoka, 4E-FTE ya Glanza (Starlet ya tabo, yaani turbo) ndio inaingia bila stori mingi, ni familia moja so mauntini (vishikio vya injini) zinashika palepale, na farasi 135 za tabo utazisikia ukitoka Nakuru upande Salgaa hadi Mau Summit, hewa nyepesi haiibani vile inabana injini ya kawaida. Shida Glanza iliacha kutengenezwa 1999, kupata injini yake ikiwa nzima ni kubahatisha.

1NZ ya Probox iko kila mahali, 1500cc, inatumia cheni si mkanda, lakini mauntini ni za kuchomelea na waya zote fundi azipange upya, hapo ndio pesa inaenda. Mimi ya kila siku ningeweka 1NZ, spea ni rahisi.

Yoyote utaweka, namba ya injini ibadilishwe kwa logibuku (hati ya gari) huko NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya.