Boti yangu ya kwanza ya mpira iliachia gundi katikati ya maji, muuzaji akaniambia ni ya kuchezea

"Mama, hiyo ni ya kuchezea ufukweni tu."

Aliyeniambia hivyo ni mtu yule yule, kwenye kiti kile kile, ambaye wiki chache kabla alinihakikishia kwamba boti hii itanifikisha visiwa vya Dar, Bongoyo, Mbudya, Sinda, na siku bahari ikiwa shwari hata Unguja. Nilitoa zaidi ya milioni mbili kwa sababu ya maneno yale ya kwanza. Naandika haya na hasira bado ninayo, kwa hiyo mnisamehe nikirudia rudia jambo moja.

Kwa anayejiuliza kwa nini boti ya mpira na si ya fiba: tunakaa ghorofa ya tatu, Mbezi. Boti ya fiba inataka pa kutia nanga, inataka mlinzi, inataka mtu wa kuikumba maji mvua zikinyesha. Ya mpira unaikunja, unaitia kwenye buti la gari, unakwenda. Na mimi nilichotaka ni kulala kisiwani. Boti za abiria zinakushusha Mbudya asubuhi na kukurudisha jioni, na ile saa iliyo nzuri kuliko zote, jua linapozama upande wa bara na wageni wameshaondoka, hujaiona. Mbudya wanaruhusu kupiga hema ukilipa ada zao. Nimekulia Tanga, baba alikuwa akinivusha kwenda kisiwa cha Toten kwa mtumbwi nikiwa darasa la pili. Hamu hii si ya jana.

Pale dukani nilimuuliza muuzaji swali moja tu la maana: ubao wa nyuma, huu unaobeba mashine, umeshikizwaje kwenye mpira? Umegandishwa kwa gundi au umechomwa kwa joto? Akanijibu, "Dada yangu, hii ni imara, ni mzigo wa Ulaya huu." Nikamwomba aijaze upepo niione imesimama. Akasema wakiijaza itaonekana imeshatumika, mteja mwingine hataitaka. Lakini mteja nilikuwa mimi, na pesa zilikuwa mkononi! Hapo ndipo nilipotakiwa kugeuka niondoke. Sikuondoka, nikalipa.

Safari ya kwanza ilikuwa mwishoni mwa mwaka, kabla kaskazi haijakaza. Tulikuwa watatu: mimi, mume wangu, na Idi, mtoto wa kaka yangu aliye kidato cha tatu. Tuliijaza pale Kunduchi kwa pampu ya mguu, watoto wa wavuvi wametuzunguka, tukafunga mashine ndogo ya hospawa 5, ya mtumba, ambayo tangu siku hiyo haijanisumbua hata dakika moja. Hema, maji ya kunywa, deli la barafu, sufuria mbili, mkaa. Boti ilibeba vyote na ikapanda mawimbi kama bata. Wallahi nilitokwa na machozi. Kutoka Kunduchi hadi Mbudya si mbali, lakini ukiwa umekaa chini namna ile, maji yako usawa wa kiuno chako, unaisikia bahari yote.

Siku mbili zile sitazisahau. Ilikuwa bamvua, siku zile bahari inapojaa na kukupwa kuliko kawaida, na Dar wakati wa bamvua maji yanakupwa saa nne, saa tano asubuhi, mwamba mzima unaachwa wazi. Tulitembea mwambani kwa viatu vya mpira, Idi akihesabu nyota za bahari bila kugusa kitu, maana Mbudya ni hifadhi tangu 1975 pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, hapaokotwi hata kombe. Usiku tulikaa chini ya mivinje tukisikiliza upepo ukipita juu yake. Hakuna boti ya abiria inayokupa kitu hicho.

Basi turudi kwenye balaa lenyewe.

Jumapili alasiri maji yalikuwa yanajaa, tukapakia, tukaondoka. Tulikuwa tumefika kama nusu ya njia. Mume wangu ndiye alikuwa ameshika usukani wa mashine, mimi nimekaa karibu naye, Idi yuko mbele. Nikasikia sauti kama jiko la gesi linalovuja. Nikageuka. Pale kona ya kulia, ubao unapokutana na mpira, utepe wa mshono ulikuwa umenyanyuka kwa urefu wa kidole, na kila wimbi likitusukuma unazidi kunyanyuka. Nikaweka kiganja changu juu yake nikabana. Nilichokiona chini ya vidole vyangu sijakisahau: gundi ya njano, laini, yenye joto, ikivutika nyuzi nyuzi kama ulimbo wa fenesi. Ilikuwa haijakauka, au ilikuwa imeyeyuka. Ilinigandia viganjani hadi usiku.

Mume wangu akazima mashine maana ubao ulishaanza kulala upande. Chumba cha upepo cha kulia kikawa laini, kona ile ikazama, maji yakaanza kuingia kwa utaratibu, si kwa kishindo, na mimi nasema utaratibu ule ndio unaotisha. Tulikuwa tumevaa maboya sote, hilo nalishukuru. Nikamwambia Idi ahamie kushoto mbele na asiinuke. Mtoto hakuuliza, alihama tu, akaanza kukumba maji kwa sufuria ya wali. Mume wangu akashika makasia. Nami muda wote nimebana ule mshono, mkono umekufa ganzi.

Haki lazima niseme: vyumba vile viwili vingine havikutoa hata pumzi. Boti iliyopasuka kona bado ilitubeba watu watatu na mashine mpaka boti ya wavuvi ilipotuona ikaja kutupa kamba. Boti ya mbao ikipasuka namna ile ingekuwa habari nyingine. Kwa hiyo aliyefikiri boti hii kwa kuigawa vyumba alifikiri vizuri. Aliyepaka gundi ndiye simsamehi.

Wale wavuvi hawakutaka hata senti. Nahodha wao, kijana mdogo tu, alituuliza kwanza, "Mtoto yuko salama?" Ndilo swali lake la kwanza. Nawaomba mlikumbuke swali hilo mnaposoma yaliyonipata dukani.

Nilikwenda siku chache baadaye na boti yenyewe, nimeikunja, na picha kwenye simu. Nilimsalimia vizuri. Nikamweleza. Hakuinuka. Hakuifungua hata boti aione. Alitazama picha moja, akarudisha simu, akasema yale ya ufukweni. Nikamkumbusha aliyoniambia mwanzo, Mbudya, Sinda, Unguja. Akasema, "Sikumbuki hayo, mama. Na nyie wanawake mnanunua vitu vya baharini bila kuuliza wenye uzoefu." Mbele ya vijana wake wawili, nao wakacheka.

Mimi, niliyeuliza juu ya gundi kabla sijalipa. Mimi, niliyebana mshono kwa mkono mtoto wa kaka yangu akiwa ndani ya boti. Niliondoka pale natetemeka. Risiti yake imeandikwa chini kwa herufi ndogo kwamba mali ikiuzwa hairudishwi, na hakuna mahali ilipoandikwa kwamba ni ya kuchezea.

Usiku ule nilikaa nikajiuliza kama kosa ni langu. Na kweli kuna kitu nilifanya. Kule kisiwani, maji yalipokupwa, boti ilibaki juu ya mchanga kuanzia saa nne hadi alasiri, imejaa upepo mpaka inalia ukiigonga, juani. Upepo ukipata joto unatanuka. Tuliijaza asubuhi kukiwa na ubaridi, mchana ikakaza kama ngoma. Inatakiwa upunguze upepo kidogo ikitoka majini, au uifunike kwa turubai, au uivute kivulini, halafu uiongeze tena inaporudi kwenye maji. Hilo sikulijua, na hakuna aliyeniambia. Nikaanza kusema labda muuzaji ana haki kidogo, labda ningeandika kwamba boti ni nzuri na mtumiaji ndiye hakujua.

Kisha nikaipeleka kwa mzee mmoja Kunduchi ambaye kazi yake ni kukalafati majahazi, lakini anaziba pia boti za mpira za wapiga mbizi. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, tandika tuione." Akashika ule utepe kwa vidole viwili akauvuta. Ulitoka wote, kutoka kona hadi kona, kama ganda la ndizi. Akanionesha chini yake: mpira unang'aa, safi, kama ulivyotoka kiwandani. Hakuna alama ya msasa, hakuna pahali palipofutwa mafuta. Akaenda kona ya kushoto, ile ambayo haikufumuka. Akaivuta. Nayo ikatoka vilevile.

"Mwanangu," akasema, "jua limemalizia tu. Hii haikuwahi kushika."

Basi yale mawazo yangu ya kumtetea muuzaji yakaishia pale. Kona ya kushoto haikuwa na kosa lolote la jua wala la kwangu zaidi ya ile ya kulia, na ilikuwa inasubiri siku yake.

Mzee aliifanya kazi kwa siku mbili. Aliifuta gundi yote ya zamani kwa asetoni, akasugua kwa msasa laini, akatumia ile gundi ya kuchanganya ya vikopo viwili, akapaka nyembamba, akaacha ikauke mpaka haishiki kidole, akapaka tena, ndipo akagandisha na kukandamiza kwa kijiko kutoka katikati kwenda pembeni ili upepo usibaki. Alikataa kuianza siku ya kwanza kwa sababu kulikuwa na manyunyu. Alisema unyevu ukiingia kwenye gundi hiyo, nitarudi kwake kabla ya mwezi kwisha. Baada ya hapo akaniambia nisiiguse mpaka kesho yake jioni. Alinieleza pia jambo ambalo lilikuwa kazi ya muuzaji kunieleza, kwamba hii yangu ni PVC, aina ya plastiki, ambayo ni nyepesi na ya bei nafuu lakini jua letu linaila, na kwamba zipo za Hypalon, aina ya mpira, zinazostahimili jua zaidi ila bei yake inapanda sana, na gundi yake ni nyingine, ukichanganya hazishiki. Na kwamba kwa PVC bora mishono iliyochomwa kwa joto kuliko ya gundi. Lile swali langu la dukani lilikuwa swali sahihi.

Sasa mtu ataniuliza: ninunue au nisinunue? Kwanza nilikuwa nimeandika hapa "msinunue kabisa", nikafuta. Maana tangu itoke kwa mzee nimeshaivusha mara nne, mbili zikiwa za kulala, na mara moja upepo ulitukamata karibu na Pangavini, tukapigwa na mawimbi hasa, mshono haukutikisika. Nimeanza kuipenda tena. Umbo lake ni zuri, inapita maji ya magoti mahali ambapo boti ya fiba ingekwaruza mwamba, watu wawili tunaibeba mpaka juu ya mchanga. Kwa mtu anayetaka boti ya kwanza ya kuzunguka visiwa vyetu hivi vya karibu, aina hii naikubali. Ila usilipe kabla hawajaijaza mbele yako na kuiacha imejaa mpaka kesho yake, na ingiza ukucha kwenye mshono wa ule ubao wa nyuma, kona zote mbili. Ukucha ukiingia, ondoka. Akikukatalia kuijaza, ondoka pia, hata akikuita dada yake mara mia.

Lakini kila nikisema naipenda namkumbuka Idi na ile sufuria ya wali, anakumba maji bila kusema neno. Alikuwa na miaka kumi na sita. Mama yake alinikabidhi mtoto kwa mkono wake, na mpaka leo sijapata namna ya kumsimulia yote yaliyotokea siku ile. Kwa hiyo boti naipa alama nzuri, duka siwezi kulipatia hata moja. Hapana, na boti nayo siipi nzuri. Boti iliyonivusha mara nne ni kazi ya yule mzee. Ile niliyouziwa ilinivusha nusu ya njia.

Jumamosi ijayo ni bamvua tena. Idi ameomba ruhusa kwa mama yake, tunaondoka Kunduchi alfajiri maji yakiwa yamejaa. Turubai nimeshanunua. Kikopo cha gundi kimo kwenye mfuko wa mbele, na nimekinunua kwa pesa yangu, kwa sababu yule bwana mpaka leo hajapokea simu.