Mashine ya kutoa chumvi majini: miezi 14 chomboni, kutoka Panama hadi Tuamotu

Kijitabu kilichokuja nayo kimejaa makatazo. Usiiwashe bandarini. Usiiwashe penye mafuta juu ya maji. Usiilaze siku nyingi bila kuisuuza. Usiisuuze kwa maji yenye klorini. Nilipokimaliza nikamwambia mume wangu, hii si mashine, ni mzazi aliye ndani ya arubaini. Akacheka, akaifunga chini ya kitanda chetu, na tangu siku hiyo tunalala juu yake.

Kampuni siitaji. Mashine za volti 12 za aina hii zinafanana kwa mengi, na yaliyonipata mimi yanaweza kukupata wewe na ya mtengenezaji mwingine. Tuko wawili, chombo cha tanga cha futi 38, matangi ya maji lita 400, na nyumba nchi kavu hatuna. Mimi ni wa Pate, kisiwa ambacho visima vyake vina chumvi na maji ya kunywa huvunwa kwenye jabia wakati wa mvua. Kwa hiyo hesabu ya maji sikuanza kuijulia Pasifiki.

Inavyofanya kazi ni hivi. Pampu inavuta maji ya bahari, yanapita kwenye machujio mawili yanayokamata takataka, kisha yanasukumwa kwa shinikizo la kama baa 55 (mara 55 hivi ya shinikizo la hewa) dhidi ya utando ambao maji hupenya na chumvi hubaki. Lita moja ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi, ndiyo maana inahitaji nguvu kiasi hicho. Maji mengi hurudi baharini na chumvi yake, na yanayobaki kwako hutoka kwenye mpira mwembamba kama mrija wa soda. Hii yetu inaitumia tena nguvu ya maji yanayorudi, na hapo ndipo inapookoa umeme: ampea 9 tu. Imeandikwa lita 24 kwa saa, mimi napata 22. Paneli za sola za wati 400 zinaibeba saa mbili mchana bila kuwasha injini. Bei yake ilizidi dola 4,000, tukaimudu kwa kuahirisha matanga mapya mwaka mzima.

Kelele zake ni kama mtu anapiga chafya polepole ndani ya debe. Kumbuka iko chini ya kitanda.

Panama hadi Nuku Hiva, kisiwa cha Marquesas katika Polynesia ya Ufaransa, ni karibu maili 4,000 za bahari. Sisi tulitumia siku 34. Ukishavuka ikweta, upepo unatoka kusini-mashariki siku nenda siku rudi, kama kusi ya kwetu, ila kusi isiyo na kaskazi ya kuipokea. Kwenye safari hii mashine ilinifurahisha kupita nilivyotarajia. Wali niliupika kwa maji matamu matupu, si yale ya kuchanganya na ya bahari. Nywele niliosha mara mbili kwa wiki. Mabaharia wa zamani walijipimia kikombe. Mimi nilisuuza hata vyombo kwa maji matamu, nikawa najionea aibu kidogo.

Halafu kwenye wiki ya tatu chai ikaanza kuwa kama imetiwa chumvi kwa makosa. Tuna kipimo kidogo cha mkononi cha kupima chumvi, kinachosoma miligramu kwa lita. Siku ya kwanza kilisoma 260, na ukibaki chini ya 500 huna shida. Sasa kilisoma 700. Mume wangu akafungua kile kijitabu, mimi nikafungua kumbukumbu: matangi tuliyajaza Panama kwa maji ya bomba, na maji ya bomba yana klorini. Tuliisuuza mashine mara tatu kwa maji yale yale, bila lile chujio la mkaa linaloizuia klorini. Lilikuwa dola thelathini na kitu, tukasema tutalinunua baadaye. Klorini hula utando na utando hauponi. Hapa sina wa kumlaumu. Tulikunywa hivyo hivyo, na pale Nuku Hiva tukafungua orodha ya vipuri.

Marquesas haikutusumbua kwa maji. Ni milima ya volkano, mirefu, ya kijani, mito inashuka hadi pwani. Ghuba zake zinachafuka mvua ikinyesha, kwa hiyo mashine ilikuwa ya kusuuzwa tu, siyo ya kutumika. Watu wa kule maji wanayaita vai. Kwetu ni mai. Ni bahati tu ya sauti, lakini bibi mmoja aliponisikia nikilitamka alinishika mkono na kuongea nami kwa kasi, akidhani najua mengine. (Kwa wenye pasi ya Kenya au Tanzania: visa ya Schengen peke yake kwa kawaida haikuingizi Polynesia ya Ufaransa, lazima uombe inayotaja maeneo yale. Anza miezi kabla ya kung'oa nanga.)

Tuamotu ni habari nyingine. Ni visiwa vya matumbawe, ukivikaribia unaona kwanza minazi imesimama baharini kama haina ardhi chini. Hakuna mlima wala mto. Watu wanaishi kwa mbata, lulu nyeusi na samaki, na kila nyumba ina tangi la mvua. Mlango wa kuingia kwenye ziwa la bahari lililozungukwa na matumbawe unausubiri maji yatulie, maana mkondo wake una nguvu kushinda injini yetu. Tukishaingia tunafunga maboya kwenye mnyororo wa nanga ili usijizungushe kwenye matumbawe.

Siku ya tisa ndani ya Fakarava, kimoja cha visiwa hivyo vya Tuamotu, nikaona godoro limelowa upande wangu. Sili ya pampu ya shinikizo, ule mpira unaoziba maji yasivuje, ilikuwa imepasuka. Saa za kazi 190, na kijitabu kinasema itadumu mara kadhaa ya hizo. Hii sasa siyo ya klorini wala ya uzembe wetu, na nyota naipunguza hapa. Niliandika kwa huduma ya wateja siku ile ile nikitumia intaneti ya setilaiti. Jibu lilikuja baada ya siku sita likiuliza kama nimejaribu kuizima na kuiwasha tena. Baada ya barua nne wakakubali kutuma sili. Ilipitia Papeete, mji mkuu kule Tahiti, ikasubiri karatasi za forodha, ikapanda meli ya mizigo. Wiki sita kwa kipande cha mpira kinachokaa kwenye kiganja. Utando mpya nilioulipia mwenyewe ulikuja kwenye boksi hilo hilo.

Wiki zile sita ndizo zilizonifundisha kuipima mashine hii. Tulikuwa na lita 310. Tukarudi lita nne kwa mtu kwa siku, kuoga baharini na kujimwagia kata moja ya maji matamu. Ikaja maraamu, ule upepo mkali wa kusini-mashariki wa miezi ya baridi, siku nne za mawingu bila tone. Mvua ilipokuja ilikuja usiku. Nilitandika turubai kati ya mlingoti na tezi, katikati nikaweka tundu lenye mpira wa kuingia tangini, na dakika kumi za kwanza nikaziacha zimwagike. Mume wangu akapiga kelele kwamba napoteza maji. Bibi yangu kule Pate hakuruhusu mvua ya kwanza iingie jabiani, maana inaosha kwanza mavi ya ndege na vumbi. Hapa inaosha chumvi iliyokauka kwenye kitambaa. Usiku ule tulipata lita 140. Mashine ingetumia saa sita na zaidi.

Madumu mawili mengine tulipewa na mama mmoja kijijini kwa mabalungi kumi na mawili tuliyobeba kutoka Nuku Hiva. Tuamotu tunda ni kitu cha heshima. Alitaka pia kujua kwa nini watu wenye tangi la mvua juu ya vichwa vyao walikuja na mashine ya kunywa bahari, na Kifaransa changu hakikutosha kujieleza.

Sili tuliibadilisha wenyewe kwa mchana mmoja, si kazi ngumu. Tangu hapo, pamoja na miezi tuliyorudi Marquesas kupisha vimbunga, haijavuja tena na kipimo kinasoma 240.

Je, ningeinunua tena? Ndiyo, ila siku ya malipo ningechukua pamoja nayo chujio la mkaa, sili mbili, machujio ya akiba dazeni moja, na dawa ya kuilaza kama utaondoka chomboni zaidi ya wiki. Ile kubwa ya lita 60 kwa saa nisingeitaka hata kwa bei ya hii, kwa sababu ingetulazimisha kuwasha injini kila siku. Turubai ni dola ishirini. Kama fedha ni za moja tu kati ya hivyo viwili na huendi mbali na milima, nunua turubai.

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Moja nimeikata kwa huduma ya wateja. Nusu ni ya godoro.