Vyakula vya kuweka stoo Mtwara na Lindi: kipi kinunuliwe kwanza, na kwa kiasi gani

Mwanzoni mwa Mei 2024, mvua zilizoletwa na kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam katika eneo la Somanga, malori yalilala njiani na sisi wa kusini tukalazimika kuzitazama stoo zetu kwa jicho la ukweli. Nyumbani kwangu hapa Mtwara vilivyoanza kupungua ni vile vinavyosubiri lori: unga wa ngano, sukari na tambi. Vilivyotulisha siku zile ni mbaazi, nazi, makopa na samaki wakavu, yaani vitu ambavyo kwa kawaida havimo katika orodha ya mtu anayejisifu kwamba stoo yake imejaa. Tangu hapo nimekuwa nikipanga manunuzi kwa kanuni moja: kinachovunwa kusini hununuliwa kwa wingi katika msimu wake na kuhifadhiwa kwa uangalifu, na kinachotoka mbali hununuliwa cha mwezi mmoja tu.

Mpangilio ufuatao nimeuweka kwa kuangalia mambo matatu: chakula kinaingia katika mapishi mangapi, kinavumilia vipi unyevu wa pwani kuanzia mvua za Desemba hadi Aprili, na bei yake inapishana kiasi gani kati ya wakati wa mavuno na wakati wa uhaba. Makadirio ya kilo ni ya kaya ya watu sita.

Nafasi ya kwanza: mbaazi kavu

Wako watakaoshangaa kuona mbaazi zimeutangulia mchele, lakini hesabu ya sufuria inazitetea. Mbaazi zilizochemshwa jioni moja huungwa kwa tui na kuliwa na maandazi asubuhi, huwa kitoweo cha wali mchana, husindikiza ugali usiku, na zikibaki hupondwa zikakaangwa bajia. Kwa kaya inayopika nusu kilo mara mbili kwa wiki, gunia la kilo 50 linakaribia kumaliza mwaka. Mavuno huanza mwezi wa Julai na kuendelea hadi Septemba, na huo ndio wakati wa kununua. Anayesubiri hadi Februari hulipia gharama ya aliyemhifadhia.

Kabla ya kulipa, chukua konzi moja, uimwage kiganjani, na utazame ngozi ya punje moja moja penye mwanga wa kutosha. Kitone cheupe kilichoganda juu ya ngozi kama tone la chokaa ni yai la fukusi. Tundu la duara, safi kana kwamba limetobolewa kwa sindano ya kushonea magunia, maana yake mdudu mmoja ameshatoka na wenzake huenda bado wamo ndani. Fukusi wa mbaazi huanza kutaga shambani, juu ya maganda ambayo hayajavunwa, na kwa sababu hiyo neno la muuzaji kwamba mzigo umetoka shamba jana halimhakikishii mnunuzi chochote.

Hilo nililijua kwa hasara. Mwaka mmoja nilinunua madebe mawili mwezi Agosti, nikayamimina katika kiroba, nikakisukuma chini ya meza ya jikoni na kuridhika. Mwezi Desemba nilipokigusa nilisikia mchakacho mwepesi, kama manyunyu juu ya makuti, na nilipokiinua sakafuni pakabaki unga wa rangi ya kahawia na wadudu wanaokimbilia ukutani. Karibu theluthi ya punje zilikuwa zimebunguliwa. Tena debe lenyewe, kama nilivyokuja kugundua nilipopima kilichobaki, lilikuwa limebonyezwa kitako kwa ustadi mkubwa. Siku hizi nanunua kwa mizani, na muuzaji anayenuna kwa kuombwa mizani namwachia mbaazi zake.

Baada ya kununua, anika siku mbili za jua kali, acha zipoe kivulini, kisha zitie katika mifuko ile ya kuhifadhia nafaka yenye plastiki mbili ndani na kiroba nje, ambayo maduka mengi ya pembejeo huiuza. Bana hewa yote itoke na ufunge kila tabaka peke yake. Wadudu waliobaki ndani hutumia hewa kidogo iliyomo na kufa, bila dawa yoyote kugusa chakula. Asiye na mfuko huo atumie madumu makavu yaliyojazwa hadi shingoni, na kila dumu lifunguliwe zamu yake ikifika, kwa maana kila ufunguapo unawarudishia pumzi. Usinunue zaidi ya mahitaji ya mwaka: mbaazi za muda mrefu hugoma kuiva hata zikilowekwa usiku kucha, na mkaa unaoteketea hula faida yote ya bei ya msimu.

Nafasi ya pili: nazi

Katika upishi wa pwani nazi ni mafuta, ni kiungo na ni maziwa kwa wakati mmoja, na ni chakula kilichozaliwa na chombo chake cha kuhifadhia. Nunua nazi zilizokomaa zikiwa na makumbi, si zilizofuliwa, kwa kuwa nazi yenye kumbi hukaa miezi kadhaa mahali pakavu penye hewa, wakati iliyofuliwa hupata ufa na kuchacha mapema. Itikise sikioni: maji yasiyosikika kabisa maana yake imenyauka ndani au imepasuka. Kwa nazi iliyofuliwa, bonyeza yale macho matatu kwa kidole gumba. Jicho lenye unyevu au ukungu ni dalili ya kuirudisha. Nazi 20 hadi 30 kwa wakati zinatosha, zikitandazwa chini badala ya kurundikwa.

Nafasi ya tatu: mahindi, na si unga

Ushauri wangu ni kununua mahindi na kwenda kusaga mashineni kilo 10 kwa 10. Dona ina kiini cha punje chenye mafuta, na katika joto letu huanza kuwa na ladha chungu baada ya wiki chache. Sembe hustahimili zaidi, lakini kilichoondolewa katika kukoboa ndicho chenye sehemu kubwa ya virutubisho. Mahindi mengi ya soko letu hushuka kutoka Ruvuma kwa njia ya Tunduru na Masasi, na bei huwa na nafuu baada ya mavuno ya huko.

Adui hapa ni wawili. Wa kwanza ni dumuzi, yule mdudu mtoboa punje ambaye wakulima walimbatiza jina la Skania, na anayemtafuta aingize mkono hadi chini ya gunia: akiutoa umepakwa vumbi la unga, mzigo umeshaliwa. Wa pili ni unyevu, na huyu hupimwa kwa chupa. Tia viganja viwili vya mahindi katika chupa kavu ya kioo, ongeza vijiko viwili vya chumvi iliyokaushwa vizuri kikaangoni na kupoa, tikisa dakika mbili au tatu, halafu iache itulie. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, mahindi hayajakauka na hayafai kufungiwa. Ikishuka yote chini, yafaa. Mahindi yaliyofungiwa na unyevu huota ukungu unaozaa sumukuvu, sumu ambayo haiondoki kwa kupikwa. Kwa sababu hiyo punje zenye rangi ya kijani au nyeusi hutupwa, wala hazipewi kuku.

Nafasi ya nne: mchele

Mchele umeshika nafasi ya nne kwa sababu moja tu: bei. Kwa utamu na kwa sherehe hauna mpinzani, ila kilo yake hugharimu kuliko kilo ya karibu kila kilichoutangulia. Jina la Kyela au Mbeya lililoandikwa kwa mkaa kwenye kibao si ushahidi, na mimi hununua kilo moja ya kujaribia kabla ya kuchukua 25. Tafuna punje chache: mchele uliokauka huvunjika kwa mlio, na wenye unyevu hupondeka. Mchele mpya wa mavuno hushikamana na kunywa maji machache, ilhali uliokaa miezi kadhaa huchambuka, basi anayepikia biriani aulizie wa zamani. Huku kwetu mchele wa Kitere ni wa kutazamwa kwanza, kwa kuwa haujabeba nauli ya mbali. Chenga zisidharauliwe: kwa uji, vitumbua na mkate wa kumimina, anayelipia mchele mzima anatupa fedha, kwa kuwa utasagwa vilevile.

Nafasi ya tano: makopa

Makopa, yaani muhogo uliomenywa na kukaushwa, ni akiba ya mwisho ambayo haiangushi nyumba, na unga wake ukichanganywa na wa mahindi hutoa ugali laini unaokaa vizuri tumboni. Ningeyapandisha juu zaidi isipokuwa kwa jambo moja ambalo mnunuzi hawezi kuliona kwa macho. Muhogo mchungu una sumu ya sayanidi, na ukimenywa na kuanikwa haraka bila kulowekwa au kuvundikwa, sehemu ya sumu hubaki katika unga. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mkoa wa Mtwara ulipata wagonjwa wa konzo, ugonjwa unaopooza miguu ya watu, watoto wakiwamo, baada ya kula muhogo wa namna hiyo kwa wingi bila vyakula vyenye protini. Hatari huwa kubwa katika miaka ya ukame, kwa sababu muhogo wenyewe huongeza sumu unapokosa maji na watu nao huharakisha kuuandaa.

Kwa hiyo nunua kwa mtu anayeweza kukueleza ni muhogo wa aina gani na aliuandaaje. Kopa zuri ni jeupe hadi katikati na hukatika kwa mlio mmoja. Madoa meusi au ya kijani ni ukungu. Pale unapokuwa na shaka na unga, uchanganye na maji katika beseni hadi ulowe, uutandaze juu ya ungo au turubai safi kwa unene usiozidi sentimeta moja, uuache saa 2 juani au saa 5 kivulini, halafu usonge ugali siku hiyo hiyo. Sumu hupotea hewani kama mvuke. Njia hii haihitaji chombo cha ziada wala senti moja, na inashangaza jinsi isivyojulikana na wengi wanaokula makopa kila siku.

Nafasi ya sita: karanga na korosho

Nazi ikikosekana, kisamvu huungwa kwa karanga au kwa korosho zilizotwangwa. Karanga zinunuliwe zikiwa na maganda, zibanguliwe nyumbani kadiri zinavyohitajika, na zilizosinyaa au kubadilika rangi zitolewe bila huruma kwa sababu ile ile ya sumukuvu. Karanga za kusagwa sokoni ninazikwepa, kwa kuwa mashine haiulizi ni punje gani iliyooza.

Kuhusu korosho, mgeni hudhani kwamba kuishi Mtwara ni kuzila kama mahindi. Korosho ghafi huuzwa kwa minada kupitia vyama vya ushirika na maghala, na anayechukua za uchochoroni kwa kangomba, yaani biashara ya magendo nje ya mfumo huo, anavunja sheria, mbali na kwamba mafuta ya ganda lake huunguza ngozi. Mnunuzi wa nyumbani achukue zilizobanguliwa, na kwa mchuzi achague vipande badala ya nzima: ladha ni ile ile na bei ni ya chini sana. Kilo mbili katika chupa yenye mfuniko wa kukaza ni akiba ya kutosha. Zikianza kutoa harufu kama ya rangi ya mafuta ya kupaka ukutani, zimekwisha.

Nafasi ya saba: dagaa na samaki wakavu

Hapa sishauri wingi. Ng'onda aliyekaushwa vizuri ni kitoweo kinachotia ladha sufuria nzima kwa kipande kimoja, lakini chumvi iliyomo huvuta unyevu wa hewa, na wakati wa masika nimeona samaki mkavu wa wiki mbili akilegea kama aliyevuliwa asubuhi. Nunua cha wiki tatu, ukifunge katika karatasi ndani ya kikapu kinachopitisha hewa, na ukirudishe juani kila jua linapotoka. Dagaa wapepetwe mbele yako, kwa maana mchanga nao hupimwa mizani.

Vilivyobaki havihitaji maneno mengi. Mafuta ya alizeti au ya ufuta yanunuliwe katika dumu lililofungwa na kuwekwa gizani, na ya kupimiwa kutoka pipa lisilojulikana yaachwe. Sukari na unga wa ngano ni vya mwezi mmoja. Chumvi ya mashamba yetu ya pwani isiyotiwa madini joto inafaa kwa kukaushia samaki, ila ya mezani na ya sufuria iwe ile ya pakiti iliyoongezwa madini hayo, ikae katika chombo chenye mfuniko, mbali na dirisha na mbali na jiko.