Nyota nne kwa Karura, ya tano nimeunyima mto

Mama alikuja Nairobi kutoka Malindi kutibiwa macho. Daktari alipomruhusu, akasema maghorofa ameyaona ya kutosha. Jumamosi asubuhi nikampeleka msitu wa Karura, tukaingilia lango la barabara ya Kiambu.

Jambo la kwanza: chupa za maji za plastiki ziacheni nyumbani. Tangu Juni 2020 haziruhusiwi kwenye misitu na mbuga za hifadhi. Mimi nilisahau, ikabidi niyagugumie maji yote pale pale nimesimama langoni, mama akinicheka. Bebeni ya chuma.

Msitu una zaidi ya hekta 1,000, lakini makutano ya njia yana vibao vya namba, kwa hiyo hata mtu wa kupotea soko la Gikomba humu atatoka. Kwa maoni yangu raha yenyewe ni kushuka bondeni. Mikaratusi unaiacha juu, chini unakuta miti ya asili iliyofungamana, na ubaridi unakupokea. Tuliona mbega wawili, mikia yao myeupe ikining'inia kama nguo zilizoanikwa. Hao waliletwa kutoka Kipipiri, Nyandarua, na wamezoea. Kima ndio hawana haya. Mmoja alinyakua hamri mkononi mwa mama, akapanda tawini akalila akitutazama, upande ulioungua akautupa chini. Mama hakukasirika kuibiwa, alikasirikia ule upande uliotupwa.

Maporomoko si makubwa, ila ukikaa karibu huwezi kusikia gari hata moja, na hapa ni Nairobi! Jirani kuna mapango waliyojifichia wapiganaji wa Mau Mau. Nilimwonyesha mama, nikamsimulia pia jinsi Wangari Maathai alivyopigwa hadi kupasuliwa kichwa Januari 1999, alipokuja kupanda mti kupinga msitu kugawiwa wajenzi. Akasema, "Na leo sisi twalipa kiingilio tukatembea."

Sasa mto. Chini ya maporomoko povu lilikuwa limejikusanya kwenye mawe, zito, halipasuki, na harufu yake ilikuwa sabuni iliyochanganyika na mtaro. Ndara moja ya mtoto ilikuwa inazunguka humo bila kwenda popote. Msitu hauna kosa, uchafu huu unashuka na maji kutoka mitaa ya juu. Lakini pongo na ndege wanakunywa hayo hayo.

"Mto huu waenda wapi?" mama akauliza.

Nikamweleza: unakutana na mto Nairobi, wanaingia Athi, mbele huko unaitwa Galana, halafu Sabaki.

"Sabaki yetu ya Malindi?"

"Ndiyo, mama."

Akalitazama lile povu kitambo. "Kwa hiyo nyinyi mwafulia huku, sisi twasuuzia kule."

Kupanda kurudi juu kulitula karibu saa nzima kwa sababu ya goti lake. Mwenye mzazi wa umri huo aende mapema, kabla jua halijakaza.