Kijitabu cha masomo ya Kwaresima: nyota tatu

Nimekichukua hapa Mwanga, Kigoma, wiki ile ya Jumatano ya Majivu, buku mbili tu, maana simu ikiisha chaji na umeme ndo huu wetu bora karatasi. Masomo ya kila siku yapo na tafakari fupi chini yake, na Dominika ya tatu mwaka A (masomo ya Jumapili kanisani yanazunguka miaka mitatu, A, B na C) ndo imenikamata, ile Yohana 4 ya mwanamke Msamaria kisimani, mwandishi kaganda kwenye kamstari kamoja tu, yule mama aliacha mtungi wake akaenda mjini kuwaita watu, sa mi nikawaza sisi tunaopanga foleni bombani toka saa kumi alfajiri nani angeacha ndoo yake pale jamani?? Nimerudia mara tatu. Ya kipofu (Yohana 9) kaipitia juujuu, na Lazaro ndo kabisa, kurasa mbili nyeupe pee! Nimekirudisha dukani dada ananiambia "kaka vyote vipo hivyohivyo", haya. Gundi nayo mbovu, wiki ya pili tu karatasi zinadondoka. Ijumaa za Kwaresima bila nyama wala sijaona ugumu, samaki wetu migebuka wapo. Nyota zote tatu ni za yule mama na mtungi wake.