Grili ya Marekani kwenye bayogesi ya Njoro: seti ya kubadilisha gesi inafaa?

Hamjambo watazamaji, karibuni tena uani kwetu hapa Njoro, Nakuru. Hiyo sauti ya nyuma ni ng'ombe, mtamvumilia, maana leo yeye ndiye mwenye gesi.

Hii mezani ni seti ya kubadilisha grili ya propeni, yaani gesi ya mtungi, ili itumie gesi asilia. Shemeji yangu aliileta pamoja na grili yenyewe alipotoka Texas. Ndani mna nozo tatu za shaba (vijimdomo vyenye tundu la kupitishia gesi kwenda kwenye kichomeo), mpira wa gesi na kiungio cha kuchomoa haraka. Basi. Regulata, yaani kidhibiti cha msukumo wa gesi, hakuna, na maelezo ni karatasi moja.

Najua utauliza: gesi asilia Nakuru iko wapi? Haiko. Dar es Salaam na Mtwara zipo nyumba zinazopikia gesi ya bomba. Huku kwetu, mwaka wa 2021 Kenya na Tanzania zilitia sahihi makubaliano ya bomba la Dar hadi Mombasa, na hata likifika Mombasa, hapa bado ni mbali. Lakini gesi asilia sehemu yake kubwa ni methani, na methani ipo hapo nyuma ya zizi, kwenye mtambo wa bayogesi, gesi ya samadi, ambao mzee alijenga zamani, ule wa pipa la chuma linaloelea na kuhifadhi gesi. Nikajiambia tujaribu.

Kwanza, kwa nini nozo zibadilishwe? Njoo karibu na kamera. Hii ndogo ni ya propeni, tundu lake ni milimita 1. Hii ya seti ni 1.6. Propeni ni gesi nzito, yenye joto jingi: mita moja ya ujazo ina joto mara mbili na nusu hivi ya gesi asilia. Halafu inakuja kwa nguvu. Chukua mpira mwangavu, ukunje kama herufi U, tia maji, unganisha upande mmoja na gesi. Grili ya propeni imetengenezewa msukumo wa kupandisha maji sentimita 28. Ya gesi asilia, kama 10. Gesi hafifu, msukumo mdogo: lazima tundu liwe pana ili joto lilingane.

Pipa letu lilipandisha maji sentimita 9. Nikafurahi, nikafunga nozo za seti, nikatoa regulata ya propeni, nikawasha. Moto ukawaka, mdogo, wa buluu, mzuri wa kupiga picha. Nikaweka mbavu za mbuzi. Dakika arobaini baadaye nyama imekauka juu kama imeanikwa, ndani bado inavuja damu.

Kosa si la seti, ni langu. Bayogesi si gesi asilia. Methani yake ni kama asilimia 60, iliyobaki karibu yote ni kaboni dayoksaidi, ambayo haiwaki. Nilipopiga hesabu, nozo ya 1.6 ilikuwa inanipa chini ya nusu ya joto la grili. Tundu nililohitaji ni 2.5. Basi nikachukua biti ya milimita 2.5, nikatoboa hizo nozo za seti polepole, taka nikazipuliza.

Nikawasha tena. Moto ukaruka juu ya kichomeo, ukawa unapepea na kuzimika. Bayogesi huwaka polepole, na hewa ilikuwa nyingi mno. Propeni huhitaji hewa mara 24 ya ujazo wake. Bayogesi haifiki hata 6. Kwa hiyo hiki kijifuniko cha hewa kwenye shingo ya kichomeo, ambacho karatasi ya seti haikitaji popote, nikakifunga hadi kikabaki upenyo mwembamba. Moto ukatulia. Mbuzi wa pili akaiva vizuri sana, hata jirani akaja na chumvi yake.

Sasa sikiliza, hapa ndipo uamuzi wangu ulipobadilika. Vichomeo vyote vitatu vikiwaka kabisa, grili hii hula karibu mita 1.7 za ujazo kwa saa. Ng'ombe wetu wawili hutupa kama mita moja kwa siku, na baridi ya Njoro ikikaza hata hiyo haifiki, kwa sababu vijidudu vya mtambo hupenda joto. (Ndugu zangu wa Kisumu, hapo mmetupita.) Tukiwa bado tunakula, pipa likawa linashuka mbele ya macho yetu. Mama akatoka jikoni na sufuria mkononi: "Na chai ya jioni, mwanangu, nitaipikia wapi?" Sikuwa na jibu. Tukawasha kuni.

Kwa hiyo kama una ng'ombe wawili, usinunue. Kama una watano na zaidi, au unachoma kwa kichomeo kimoja Jumapili tu, seti inafaa kwa ajili ya mpira na kiungio. Nozo utatoboa mwenyewe. Weka pia kikopo chenye stiliwuli njiani, ile ya kusugulia sufuria, inase salfa iliyomo kwenye bayogesi kabla haijala shaba ya nozo. Na hakikisha bomba linainama kuelekea mahali pa kutoa maji yanayotokana na unyevu wa gesi, la sivyo moto utakuwa unakohoa. Kila kiungio kipake povu la sabuni. Ukiona mapovu yanakua, kaza upya.

Jambo moja nasema nikikukazia macho: grili yenye nozo za 2.5 usiiunganishe tena na mtungi. Sio wa kilo 6, sio wa 13, hata kwa dakika moja wageni wakiwa wamefika. Joto lingekuwa mara sita ya lile grili ilijengewa. Ndiyo maana nimepaka mdomo wa gesi rangi nyekundu, na zile nozo za zamani zimo kwenye hiki kikopo, nimekifunga kwa waya hapa mguuni pa grili.